Bomba Linapotoboa Bati: Namna ya Kukagua Kazi ya Fundi

Mwanza ina jambo ambalo miji ya tambarare haina: jirani wa juu analijua paa lako kuliko wewe mwenyewe. Ukiishi Mabatini, Igogo, Isamilo au popote pale nyumba zilipopandana juu ya mawe, bati lako liko usawa wa baraza la mtu. Anaona gata lililojaa majani, anaona kandambili ya mtoto iliyorushwa mwaka juzi, na analiona lile doa jeusi la lami kuzunguka bomba la hewa, ambalo fundi alikuapia kwamba ndiyo mwisho wa habari. Bomba langu lilipakwa lami mara tatu. Nilizolipia ni mbili. Ya tatu fundi alikuja siku ambayo sikuwepo, akapanda, akapaka, akaondoka kimyakimya, na aliyenipa habari ni jirani. Fundi anayerudi bila kuitwa anajua kitu ambacho wewe hujakijua.

Basi zana ya kwanza ya ukaguzi ni ya bure. Mwombe jirani wa juu nafasi barazani kwake, vuta kamera ya simu mpaka bomba lijae kwenye kioo, piga picha. Piga kabla kazi haijaanza, piga bati likiwa limefunguliwa, piga ikiisha. Ile picha ya katikati ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu lami ikishapakwa huoni tena kilichofanyika chini yake. Anayeishi Buhongwa au Kisesa, ambako ardhi imelala, atamwomba fundi mwenyewe azipige picha hizo kwa simu yake kabla ya kufunika. Akikataa, umeshapata jibu.

Ninalozungumzia ni lile bomba la PVC, mara nyingi la inchi 4, linalotoka kwenye mfumo wa choo cha ndani, likapita darini na kutokeza juu ya bati ili kutoa harufu na gesi ya karo. Katika nyumba zetu nyingi ndilo tundu pekee lililokatwa makusudi kwenye paa. Bati lote jingine limepangwa maji yasiingie. Hapa tu mtu amekuja na chuma akalitoboa. Na ukiuliza ni nani, utasikia hadithi. Fundi bati aliezeka, akalipwa, akavuka kwenda Sengerema kwenye saiti nyingine. Baada ya miezi mitatu akaja fundi bomba, akakuta paa limekamilika, akakata tundu, akapitisha bomba lake, akazungushia sementi, akafunga begi. Maji yakianza kudondoka, fundi bomba anasema hiyo ni kazi ya bati, fundi bati anasema yeye aliliacha paa zima, na mwenye nyumba anatafuta beseni.

Kwa hiyo anapokuja wa kurekebisha, usianze na bei. Mwache aseme atafanya nini. Akisema "nitaziba", shika pochi yako vizuri. Akisema "itabidi nifungue bati hizi za juu", mkaribishe chai.

Swali la lami

Kazi ikiisha, au tuseme fundi anaposema imeisha, nina swali moja ambalo limenisaidia kuliko mengine yote: "Fundi, tukiikwangua lami yote hii sasa hivi, mvua ikanyesha, maji yatapita wapi?"

Fundi mzuri hakasiriki. Anaweka kidole kwenye kofia ya paa na kukishusha polepole: yanateremka hapa, yanapita juu ya kipande hiki, yanaligawanyikia bomba kulia na kushoto, yanatua juu ya bati la chini, yanakwenda gatani. Kwake lami ni msaidizi wa pembeni, kama chupi juu ya nepi. Fundi mbaya anajibu: "Hiyo haitoki, bosi. Hiyo ni ya kudumu."

Inatoka. Jua la hapa, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, huikausha lami mpaka inakuwa ngumu kama ukoko wa wali. Wakati huohuo bati chini yake halitulii. Bati la mita 3 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi joto la saa nane mchana hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, kisha jioni hurudi. Bomba la PVC nalo, kwa urefu na joto lilelile, husogea takribani mara tano ya chuma. Vitu viwili vinavyosogea kwa mwendo tofauti vimegandishwa pamoja kwa kitu kilichokauka. Hapo hata usipokuwa fundi unajua kitakachotokea. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, na watu huudharau. Lakini maji hayahitaji mlango. Yananyonywa ndani ya ufa kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, hata kuelekea juu, na mvua inayokuja na upepo wa ziwani inayasukuma zaidi.

Sementi ni mbaya kuliko lami. Haishikani na bati, hainyumbuki, na ikiwa mbichi ni kali kwa zinki na aluminiamu, yaani ngozi ileile inayolikinga bati lisipate kutu. Inua ukingo wa sementi ya zamani kwa ncha ya bisibisi. Ukikuta unga mweupe chini yake, bati limeanza kuliwa. Fundi aliyeongeza sementi mpya juu ya ile ya zamani amekuuzia uzito.

Kinachozuia maji ni mpishano. Wazee walioezeka msonge wa nyasi hawakuwa na gundi hata tone moja. Walianza chini, wakapanda, kila tita la juu likalala juu ya mkia wa tita la chini, na mvua ya masika iliteremka juu ya nyasi bila kuuliza njia. Bati linafuata sheria hiyohiyo, na tundu la bomba pia. Kipande kinachozunguka bomba kina pande za kutazamwa: upande wake wa juu lazima uingie chini ya bati la juu au chini ya kofia, na upande wake wa chini lazima ulale juu ya bati la chini. Juu kiingie chini, chini kilale juu. Ukishika hilo tu, unaweza kumkagua fundi yeyote, hata kama hujawahi kushika nyundo.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kiraka cha mraba kilichobandikwa juu ya bati pande zote nne, kikapigwa misumari na kupakwa lami. Pande tatu zinaweza kupona. Upande wa juu hauponi, kwa sababu ukingo wake umesimama kama kizingiti mbele ya maji yote yanayoteremka. Maji hufika, husimama, huleta vumbi na majani, vumbi hushika unyevu, na hapo kutu ina makazi. Kama bomba liko karibu na kofia, dawa ni kipande kirefu cha bati kinachoanzia chini ya kofia na kushuka mpaka kulipita bomba. Kama bomba liko mbali, katikati ya mteremko, bati la juu lifunguliwe misumari yake, kipande kiingizwe chini yake kwa sentimita 15 au zaidi, kisha lirudishwe. Ndiyo maana nilisema anayetaka kufungua bati anastahili chai. Kazi ya namna hiyo inakula nusu siku. Ya lami inakula nusu saa.

Kuna kola za mpira zilizotengenezwa kwa kazi hii, zenye kitako laini kinachokunjwa kufuata migongo ya bati na shingo inayokaba bomba. Ukiipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, inunue. Ikaguliwe kwa mambo mawili. Shingo iwe imekatwa ndogo kuliko bomba, karibu moja ya tano pungufu, ili ipite kwa kulazimishwa. Ikipita kama pete iliyolegea kidoleni haina kazi. Na kitako chake, kikiwa cha mraba, kigeuzwe kona moja itazame juu kwenye kofia, ili maji yagawanyike yakifika. Mafundi wengi hukipigilia kama picha ukutani, upande mmoja ukiwa sambamba na kofia, wakatengeneza kizingiti kilekile kwa vifaa vya bei kubwa. Wapo pia wanaokata tyubu ya gari, wakaivisha bomba na kuifunga kwa waya juu ya tundu kama sketi. Usiwacheke. Ikiwa mpishano wa bati chini yake uko sawa, sketi ya tyubu inafanya kazi yake vizuri, ila jua litaipasua na itabidi ibadilishwe.

Dohani ya jiko ni habari nyingine. Bomba lake lina moto, kwa hiyo mpira wa kawaida na silikoni haviwezi kuligusa. Hapo ni kola ya bati, na mbao za papi zikae mbali nalo.

Fundi wangu wa pili, kijana mmoja wa Nyakato, alipokwangua lami yangu ya awamu tatu tulikuta tundu la pembe nne ambalo lingeweza kupitisha mtoto wa mbuzi, kwa ajili ya bomba la inchi 4. Kiraka kilikuwa kimelala juu ya bati upande wa kofia. Kila awamu ya lami ilikuwa imeongeza tu urefu wa ukuta wa bwawa.

Kwa jicho la karibu

Tazama misumari. Kwenye bati la migongo midogo na kwenye msauzi pia, msumari hukaa juu ya mgongo, pasipopita maji. Msumari kwenye bonde ni kisima. Mpira wake uwe umekaa sawasawa, umebanwa lakini haujapondwa. Ukiuona umetoka nje ya kofia ya msumari kama chapati, fundi amekaza kupita kiasi na utapasuka mapema. Ukiweza kuuzungusha kwa kidole, haujakazwa. Msumari uliong'olewa na kurudishwa tundu lilelile haushiki tena kama mwanzo, kwa hiyo pale bati lilipofunguliwa nategemea kuona skrubu nene zaidi au misumari mipya mahali papya, na matundu ya zamani yakiwa yamefunikwa na mpishano.

Mwombe fundi kile kipande alichokikata. Wengi hushangaa kuombwa takataka, lakini ukingo wa kipande hicho ndio ukingo uliobaki juu. Ukiwa safi, umekatwa kwa mkasi wa bati. Ukiwa umeungua na kubadilika rangi, imetumika grenda: cheche zake huunguza ngozi ya zinki, na vumbi lake la chuma likilala juu ya bati huota kutu. Baada ya wiki mbili utaona vidoa vyekundu vimetapakaa kama surua. Kama grenda imetumika, basi bati lifagiliwe siku ileile kwa brashi laini, na gata lisafishwe. Na kama nyumba yako ni ya zamani yenye paa la asbestosi, lile la kijivu linalofanana na sementi, mwambie fundi aache kabisa grenda na brashi kavu. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na hilo si la kujadili bei.

Kuhusu silikoni, tumia pua. Ile ya bei rahisi hunuka siki inapokauka; ni asidi, na asidi hula zinki. Kwenye kioo cha dirisha haina neno. Kwenye bati tafuta isiyonuka siki. Harufu huisha baada ya muda, kwa hiyo nusa siku ya kazi.

Kisha litikise bomba. Bomba linalosimama mita moja juu ya bati, likipigwa na upepo wa mchana kutoka ziwani, ni mwichi unaotwanga tundu lake siku nzima. Linapaswa kufungwa kwa kamba ya chuma kwenye kenchi ndani ya dari, lisicheze, huku kati yake na ukingo wa bati pakiwa na nafasi ndogo ya kupumua. Likicheza, kazi yote ya juu, hata iwe nzuri kiasi gani, itachanika. Hili mafundi wengi hulisahau kwa sababu wao huangalia juu tu.

Mwisho, tafuta mashimo ya nyayo. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la 28 ni nene kuliko yote mawili. Kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyonyong'onyea. Fundi anayejua hukanyaga kwenye mstari wa misumari, maana hapo chini kuna papi. Asiyejua huacha bonde nyuma ya bomba, na maji yatakaa humo kila mvua ikinyesha.

Darini

Nusu ya ukaguzi haihitaji ngazi ndefu. Panda darini mchana, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Mwanga wowote kuzunguka bomba ni njia. Ukiwasha tochi, angalia ncha za misumari: kila ncha iwe imezama kwenye papi. Ukiona ncha inaning'inia hewani pembeni ya mbao, hilo ni tundu ambalo umelilipia.

Sasa chukua penseli. Zungushia kila doa la maji, kwenye papi, kwenye kenchi, kwenye silingibodi au jipsamu, uandike tarehe. Doa la zamani halisemi limekuja lini, na bila penseli wewe na fundi mtabishana hadi Krismasi. Doa likivuka mstari wako, habari imekwisha. Ila usidhani doa liko chini ya tundu. Maji yakiingia huteleza juu ya papi, hufuata kenchi, wakati mwingine hushuka na bomba lenyewe, na hudondokea chumba kingine kabisa. Fuata njia yake kwa kurudi juu.

Kuna jambo linalowaponza mafundi wasio na hatia. Alfajiri, hasa karibu na ziwa, bati baridi hutoa jasho kwa chini, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone yakiwa yametapakaa sehemu kubwa ya paa na usiku hakukunyesha, hilo ni jasho; fungua matundu ya hewa ya kwenye kuta za pembetatu za paa, yale ambayo watu huyaziba wakiogopa popo, na badala ya kuyaziba yawekee waya. Matone yakiwa sehemu moja na yanakuja baada ya mvua, mwite fundi.

Je, bomba bado linapumua?

Kusudi la bomba ni kutoa hewa, na kuna mafundi wanaotibu kuvuja kwa kuua bomba. Wanalikata chini ya bati, wanaliachia ndani ya dari, wanarudisha bati zima, na kweli maji hayaingii tena. Kinachoingia ni gesi ya karo: methani, inayoweza kuwaka, na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu. Wengine huliziba mdomo kwa kifuniko. Ishara utaiona chooni. Ukimwaga maji choo kinagugumia, maji ya kwenye bakuli yanashuka yenyewe, harufu inapanda kwenye tundu la maji bafuni. Mvua inayoingia kwenye mdomo wa bomba haina madhara, inakwenda karoni. Usikubali lizibwe kwa kisingizio hicho.

Wenye choo cha shimo chenye bomba la hewa, muundo uliobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970 na Peter Morgan katika maabara ya Blair, wana kipimo rahisi zaidi. Washa udi karibu na tundu la choo. Moshi ukivutwa kwenda chini, bomba linafanya kazi. Ukikurudia usoni, limeziba au ni fupi. Upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba ndio unaovuta hewa, kwa hiyo lipande sentimita 50 kupita paa, na fundi aliyelifupisha ili "lisitikisike" amekuharibia. Mdomoni pawe na waya mwembamba wa kuzuia nzi, usiwe wa chuma kitupu, maana gesi huula. Huku kwetu kuna la ziada: wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji na kufuata taa usiku. Wakifa, hujazana kwenye waya pamoja na utando wa buibui. Waya usafishwe kwa brashi mara kwa mara, hasa kabla ya mvua za vuli.

Ndoo tano

Mvua zetu huanza kushika kuanzia Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho watu hutengeneza paa. Hapo ndipo mtego ulipo: kazi ya Julai haijapata mtihani wowote mpaka fundi amesahau jina lako. Usisubiri. Tengeneza mvua.

Hesabu yake ni hii. Chukua eneo la bati linalomimina maji kwenye bomba: upana wa sentimita 75, urefu wa mita 4 kutoka kofiani, ni mita 3 za mraba. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu hata si ya kusimulia, ni lita 90 kwenye eneo hilo. Ndoo za lita 20, nne na nusu. Nunua au azima ndoo tano za maji na mtu wa kukaa darini na tochi.

Anza chini ya bomba, kisha panda. Watu humwaga kofiani moja kwa moja, maji yakipenya hawajui ni wapi. Mwagia kwanza upande wa chini wa bomba kwa dakika tano, taratibu, kwa kopo lililotobolewa au mpira wa bustani. Kimya darini? Panda kwenye mbavu, kulia kisha kushoto. Kisha upande wa juu, na hapa usiharakishe: dakika kumi, na acha maji yasimame kama yanataka kusimama, uone yanachukua muda gani kuondoka. Mwisho rusha maji kutokea upande wa ziwa, kwa nguvu, yagonge bomba, maana ndivyo mvua yenyewe itakavyofanya. Usijaribu haya bati likiwa limelowa na wewe huna pa kushika, wala wingu likiwa linanguruma. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi, na aliyesimama juu ya bati ana nafasi mbaya kuliko wote.

Kama unakinga maji ya bati kwenye simtanki, geuza bomba la kuingizia wakati wa jaribio, na baada ya kazi yenye lami au silikoni mvua za mwanzo ziache zipite.

Pesa

Mazoea ni nusu mwanzo, nusu mwisho. Mimi nilimwambia kijana wa Nyakato tugawe mara tatu: vifaa kwanza, sehemu ya kazi bati likiwa limefunguliwa na nimeona mpishano, iliyobaki baada ya maji ya ndoo. Hakuna lami kabla sijatazama. Alikubali bila kinyongo, nadhani kwa sababu nilimwambia kabla hajapanda. Kubakiza pesa ya mtu mpaka Novemba "mvua ije kwanza" naona si haki. Ana kodi ya kulipa Agosti kama wewe, na mtihani wa ndoo ukifanywa vizuri unatosha. Unachoweza kumdai ni ahadi ya kurudi msimu wa kwanza bila malipo ya kazi, iandikwe.

Karatasi yetu ilikuwa ya daftari la mtoto. Tuliandika tarehe, kipande cha bati kimeanzia wapi na kuishia wapi, skrubu ngapi, aina ya silikoni, maji lita 100 yamemwagwa, dari kavu. Tukasaini. Nilimlipa saa kumi na moja jioni, ndoo ya tano ikiwa tupu. Namba yake ya simu niliinakili mara mbili: moja nikaibandika ndani ya mlango wa dari, na nyingine nikampelekea jirani wa juu.